Injini ya Watu Si ya Kupimia Ubabe

Ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo sikupanga kuikumbuka leo, mwanangu Faraji, lakini wewe umenilazimisha. Kaa hapo kwenye tairi. Simu weka chini. Nimesema chini, si mfukoni, maana mfukoni itakuwasha utaitoa tena. Chai yangu imepoa kwa sababu yako, na chai ya baridi hainipandi, kwa hiyo leo nina hasira mbili.

Jana mchana nilikwenda Magogoni kumpokea dada yangu anayevuka kutoka Kigamboni. Humu gerejini nililiacha lori la yule kaka wa Temeke likisubiri breki. Breki tu, Faraji! Nimerudi nimekuta oili imemwagika, mmeifunika kwa maranda ya mbao kama watu mnaoficha maiti, na wewe unanitazama machoni unaniambia injini imenoki, imekufa yenyewe. Nikasema labda. Leo asubuhi jirani yangu anayeuza betri ameniletea video. Nimekuona. Umekaza fimbo ya turbo ili upepo uingie kwa presha kubwa kuliko ile iliyopimwa kiwandani, umefungua pampu ya dizeli, mmelifunga lori kwa waya kwenye nguzo, na mnashangilia, "Iongeze! Iongeze tuone itafia wapi!" Ilipokufa mkacheka. Mmecheka, nyie watoto. Na watu huko mtandaoni wanawapigia makofi.

Hata hayo ningeyameza. Lililonichefua ni la asubuhi, nilipopita dirishani nikakusikia ukimwambia mwenye gari kwenye simu, "Bosi, injini yako ilikuwa imeshachoka." Ukamwambia kwa sauti ya huruma! Maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa msichana, hapa hapa mtaani Gerezani, na niliona yalimfikisha wapi mzee mmoja wa watu. Mwenye gari ameniambia anakuja saa nne. Kabla hajafika, utanisikiliza, na ukimaliza kusikiliza utaamua utamwambia nini.

Baba yangu alitoka Songea akiwa kijana, akaja Dar kusukuma mkokoteni. Wewe unamwona msukuma mkokoteni unampigia honi apishe njia. Mimi nilimwona baba akirudi nyumbani Ilala, mama anamkanda mabega kwa maji ya moto, na baba mtu mzima analia kwa maumivu akijifanya anakohoa. Walikuwa wanne, wote watu wa kusini. Magunia ya mchele, ya maharage, ya vitunguu, kutoka kwenye maghala mpaka sokoni Kariakoo, jua la utosi, mvua ya masika, wao wapo. Miaka walichanga. Sitakutajia kiasi maana hakina maana sasa. Siku moja wakanunua lori. Kuukuu, lakini zima, la tani saba, lenye turbo, na injini yake ilikuwa inaunguruma vizuri hata mama, asiyejua gari, alikuwa anaitambua ikiwa bado kona ya pili.

Kati yao mkubwa wao alikuwa Mzee Ngonyani. Huyu ndiye ninayetaka umjue. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri, na daktari alimwambia wazi kwamba asibebe tena wala kusukuma kitu kizito, asije akajiua. Kwa mzee aliyekula kwa mabega yake maisha yote, hiyo ni sawa na kuambiwa usile. Lori ndilo lililomwokoa. Baba alikuwa dereva, wale wawili wakawa wapakiaji, na Mzee Ngonyani kazi yake ikawa kukaa mbele, mlango wa kushoto, kusimamia mzigo na kugombana na makarani wa bandarini. Alikuwa hodari wa kugombana, Mungu ampe heri. Alivaa koti kwenye joto lile la Dar! Wenzake walimtania, "Mzee, koti la nini?" naye anajibu, "Mtu anayekaa mbele anavaa koti." Tulicheka, lakini tulimwelewa.

Basi klachi ikaanza kuteleza. Jumamosi baba akalipeleka lori kwenye gereji ya Mzee Salumu, mtu wa pwani, mzaliwa wa Dar, muungwana aliyeheshimika Gerezani nzima. Mzee Salumu mwenyewe alikuwa msibani Kigamboni, kwa hiyo gari lilipokelewa na fundi wake mkuu, Rajabu. Rajabu alikuwa na mikono, siwezi kumnyima haki yake. Kijana mtanashati, miluzi mdomoni, na sifa zake zilimtangulia. Akamwambia baba, "Mzee, Jumatatu asubuhi njoo uchukue chombo chako." Baba akampa ufunguo. Hebu fikiri hapo kidogo, mwanangu. Mtu anakupa ufunguo wa kila kitu alichonacho, anageuka, anaondoka kwa miguu. Hana hata risiti. Ana imani tu.

Sasa mafundi wa siku hizo walikuwa na mchezo wao, wakiuita kuvutana mikia. Jumapili, gereji zimefungwa, kulikuwa na uwanja wazi karibu na reli. Wanaleta malori mawili, wanayageuza mgongo kwa mgongo, wanayafunga kwa waya mnene, kila moja linavuta upande wake. Litakaloburutwa ndilo limeshindwa, na fundi wake anatembea kichwa chini mtaani wiki nzima. Na malori hayakuwa yao, usinichekeshe. Fundi gani alikuwa na lori? Yalikuwa ya wateja. Ukiuliza, unaambiwa, "Tunalijaribu." Neno hilo lilifunika kila uovu. Wakienda nalo kula chipsi, wanalijaribu. Wakimpakia bibi harusi wa binamu yao, wanalijaribu.

Jumapili hiyo mawingu yalikuwa meusi. Nimetoka kanisani, baba akanituma nikachukue turubai lililobaki nyuma ya lori, maana kulikuwa na magunia ya watu kibarazani kwetu. Nikafika gereji, lori halipo. Nikasikia kelele upande wa reli, nikaenda. Lori la baba lilikuwa limefungwa mkia na lori jingine jekundu, Rajabu yumo ndani, kichwa nje ya dirisha, na umati umezunguka kama kuna ngoma.

Nikapenya mpaka mbele. Nikamwambia, "Kaka Rajabu, hilo gari la baba yangu!"

"Tunalijaribu tu, dada," akasema, anacheka. "Kaa pembeni, gauni lisije likaingia vumbi."

Mwanangu, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nani amsikilize msichana mwenye gauni la kanisani? Jamaa mmoja kando yangu alikuwa anawaeleza wenzake kwa fahari kwamba Rajabu amemaliza klachi, amekaza turbo na kuifungulia dizeli, hakuna lori mjini litakalomshinda. Matairi yakaanza kuchimba ardhi. Moshi mweusi ukapanda mpaka nikaacha kuiona reli. Na kweli, lile jekundu likaanza kuburutwa, watu wakarusha kofia. Badala ya kuacha pale, maana ameshashinda, Rajabu akakanyaga zaidi. Hilo ndilo hunitia uchungu mpaka leo. Alikuwa ameshashinda! Ila umati ulikuwa unasema ongeza, naye akaongeza.

Kikalia kitu ndani, kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo. Halafu ukapasuka mlio mmoja, chuma kikatoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika mchangani. Dakika chache baadaye umati ulikuwa umeyeyuka. Wale waliokuwa wanapiga kelele za ongeza, hakuna hata mmoja aliyebaki kusukuma gari kurudi gereji. Likumbuke hilo utakapokuwa unatazama hiyo simu yako.

Nilimweleza baba kila kitu. Akaniambia, "Tekla, ngoja nimsikie fundi." Jumatatu tulikwenda wote, baba na Mzee Ngonyani na mimi. Rajabu alikuwa amekwisha kurudisha fimbo ya turbo mahali pake, ameosha oili, amevaa uso wa msiba. Akasema, "Wazee wangu, poleni sana. Nimeliwasha ili nijaribu klachi, injini ikanoki hapo hapo. Ilikuwa imeshachoka. Mnalipakia sana."

Unajua baba alifanya nini? Aliomba radhi. Baba yangu, aliyeibiwa mchana kweupe, alimwomba radhi mwizi wake! Akasema, "Ni kweli fundi, wakati mwingine tunazidisha mzigo, samahani kwa usumbufu." Mimi nikafungua mdomo, baba akanikanyaga mguu. Maskini akiambiwa na mtaalamu kwamba kosa ni lake, anakubali haraka, maana amezoea makosa kuwa yake. Mzee Ngonyani alivua koti, akalikunja, akaliweka kwapani. Mpaka tunafika nyumbani hakulivaa tena.

Kesho yake mikokoteni ikatoka uani. Wenzake wakamwambia Mzee Ngonyani abaki nyumbani, watamletea sehemu yake. Akakataa. "Nile jasho lenu mimi nimekaa? Nitasukuma kwa nyuma, taratibu." Hawakuweza kumzuia, naye alikuwa mkubwa wao.

Mimi nilishindwa kulala na uongo ule. Niliposikia Mzee Salumu amerudi kutoka msibani, nilikwenda kwake mwenyewe, bila kumuaga baba. Nikamkuta anatia udhu bombani. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, mbona unahema?" Nikamwaga yote. Hakunikatiza hata mara moja. Alipomaliza kuswali alituma mtu awaite baba na wenzake, akawakusanya na mafundi wake wote uani.

Akamuuliza Rajabu kilichotokea. Rajabu akarudia hadithi yake, neno kwa neno, na klachi yake. Mzee Salumu akamshika mkono kama anamtembeza mgonjwa, akampeleka nyuma ya lori, akamwonyesha ile ndoano ya kuvutia. Rangi ilikuwa imechubuka kote, chuma kinang'aa.

"Hii nayo imechubuliwa na klachi?" akamuuliza.

Rajabu akatazama chini.

Sijapata kumsikia mtu akikaripia kwa sauti ndogo namna ile, mwanangu, na sijapata kuona sauti ndogo ikiwatetemesha watu namna ile. Mzee Salumu alisema, "Injini itapatikana. Nitauza changu nitaitafuta. Lakini wewe ulitaka kujua nguvu ya injini inaishia wapi, na umejua. Sasa utakwenda na wazee hawa ukajue nguvu zao zinaishia wapi. Kuanzia kesho unasukuma nao mkokoteni, mpaka lori lao litakapowaka. Ukikataa, spana zangu uziweke hapo chini." Kisha akamgeukia baba, mbele ya vijana wake wote, akasema, "Kaka, siku ile uliomba radhi humu ndani. Naomba uichukue radhi yako, haikuwa yako. Mwenye kuomba ni mimi." Baba akajifuta uso kwa kofia.

Rajabu alikwenda. Fundi mtanashati, na miluzi yake, akasukuma mkokoteni katikati ya Kariakoo mbele ya watu wanaomjua. Siku za kwanza walimzomea. Sikumwonea huruma hata chembe, na leo simwonei. Nilichokuwa naomba ni injini ipatikane upesi. Lakini spea za siku hizo hazikuwa kama hizi zako za kuagiza kwa simu. Mzee Salumu alihangaika huku na huko, wiki zinapita, na Mzee Ngonyani, aliyekwisha kuamini kwamba mzigo waliuzidisha kweli, bado yuko nyuma ya mkokoteni na kovu lake tumboni.

Ilikuwa barabara ya Msimbazi, mvua imenyesha, gurudumu likazama kwenye shimo. Magunia ya mchele, mkokoteni umejaa. Rajabu ndiye aliyetusimulia, mimi sikuwepo. Alisema alikuwa mbele anavuta, akamwambia mzee aache, asubiri wenzao waliokuwa nyuma. Na nyuma yao magari yanapiga honi, madereva wanatukana, wanasema ondoeni takataka zenu. Mzee Ngonyani akaona haya kuzuia watu njia. Akaweka bega. Gurudumu likatoka shimoni, na mzee akaanguka kifudifudi kwenye tope. Rajabu alimwaga mchele wa watu barabarani, akampakia mzee kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka hospitali akikimbia na kulia kama mtoto.

Hakufa, kama hicho ndicho unachosubiri kusikia ili roho yako itulie. Walimpasua tena, na mgongo nao ukawa umeumia, hakunyooka tena. Lori lilipowaka hatimaye, kwa injini nyingine, baba alisema safari ya kwanza ni kwenda kumchukua mzee kwake. Tulikwenda sote. Mke wake alikuwa amempigia koti pasi. Akatoka, anaegemea fimbo, anatabasamu, akafika kwenye ule mlango wa kushoto, akainua mguu kuweka kwenye ngazi. Haukufika. Akajaribu mguu mwingine. Baba akataka kumbeba, akamzuia kwa mkono. Akasimama pale ameshika kitasa, anaisikiliza injini inavyounguruma, akasema, "Inaunguruma vizuri. Nendeni, msicheleweshe mzigo wa watu."

Mwanangu, miaka yote hii sijaweza kusamehe. Rajabu nilimsamehe, alimhudumia yule mzee mpaka siku ya mwisho, maji ya kuoga akimpelekea yeye. Ule umati ndio sijausamehe. Na ule uongo. Maana laiti Rajabu angesema kweli Jumatatu ile, Mzee Ngonyani angebaki nyumbani akijua amedhulumiwa na atalipwa. Uongo ulimwambia kosa ni lenu, mmelipakia mno, naye akatoka kwenda kulilipia kosa hilo kwa mwili wake.

Usidhani nakataza turbo. Mimi naziuza, zinanilisha, na wewe zinakulisha. Mwenye gari akija akasema anataka nguvu zaidi, mkaeleweshana, mkabadilisha pistoni, mkaangalia upoozaji, akajua anachokitia hatarini, basi kaza mpaka moyo wako uridhike. Ukitaka kuona injini inafia wapi, nunua yako kwa jasho lako, iweke chini, iwashe, na uichome, mimi nitakuletea soda ukiitazama. Lakini aliyeipima kiwandani aliweka mpaka kwa sababu chuma kinajua kuvumilia, hakijui kulalamika. Kinakaa kimya mpaka kipasuke. Ukiona hakilalamiki usifikiri hakiumii.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na wenzako uwaambie, kwa kuwa nawaona wanachungulia pale nyuma ya dramu. Gari la mteja usilichezee, hata dakika moja, hata mwenzako akikuita mwoga. Anayekuambia ongeza, kwanza mwulize gari ni la nani. Na ukiharibu, sema umeharibu. Sema siku hiyo hiyo, kabla mwenye mali hajaanza kujilaumu kwa kosa lako. Gereji hii itatafuta injini nyingine, hilo niachie mimi, na wewe utafanya kazi mpaka lori lile litoke. Lakini maneno ya kumwambia yule kaka siyasemi mimi. Ana wadogo zake anawasomesha kwa lori lile, aliniambia mwenyewe. Usiku wa leo asilale akiwaza alikosea wapi.

Mungu akuhifadhi, Faraji mwanangu. Akupe mikono yenye kazi njema na ulimi usiotetemeka kwenye kweli, akuzeeshe ukiwa unaweza kumtazama usoni kila aliyewahi kukukabidhi ufunguo wake. Amina. Haya, inuka, futa machozi. Saa nne imefika, na ndiye yule anaingia getini kwa miguu. Mwamkie kwanza.